Simu ya Bibi

Walituita semina Iringa mjini, tukanywa supu na chapati, kisha mgeni mwenye tai akatangaza kwamba ufanisi umeongezeka. Ruzuku za kaya maskini zingeingia moja kwa moja kwenye simu, na sisi tuliokuwa tukizipeleka vijijini hatukuhitajika tena. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

Sasa nauza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu. Sioni aibu. Nyanya haziandikiwi ripoti.

Nilipokuwa mlipaji, kulikuwa na kijiji kimoja huko milimani ambako bahasha haikufunguliwa mpaka mlipaji akae, jirani awepo, na noti zihesabiwe kwa sauti. Hivyo hakuna aliyemsingizia mwenzake. Bibi mmoja wa hapo alikuwa akidunduliza ruzuku yake akatibiwe mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda. La pili lilikuwa bado linamfikisha kisimani.

Wiki iliyopita alikuja kibandani kwangu, ameshika bega la jirani yake.

"Kamwene, bibi," nikamsalimu.

Akanitambua kwa sauti, akacheka, akaketi juu ya tenga. Kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa simu ndogo waliyompa. Kioo chake kilikuwa bado na nailoni ya dukani.

"Walisema hela yangu imo humu," akasema. "Nikaizima, nikaifungia sandukuni. Nimekungoja msimu mzima, mwanangu. Ningefunguaje peke yangu? Watu wangesemaje?"

Nikaichaji kwa jirani yangu mwenye duka. Ilipowaka, laini ilikuwa imefungwa. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na ruzuku hurudi ilikotoka. Ndivyo mtambo ulivyopangwa. Nikapiga simu ofisini kuulizia. Ikaita, ikaita, ikakata. Nilijua inaitia wapi: juu ya meza iliyokuwa yangu.

Nikamtazama usoni. Macho yote mawili yalikuwa yameingia weupe. Niliumia, nasema kweli, niliumia mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nikaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Yeye akamwita jirani yake asogee awe shahidi, akatandaza kitenge mapajani.

"Haya, mwanangu," akasema, "hesabu kwa sauti. Masikio bado ninayo."