Simu tatu za Ta Deo siku ya mechi

Akili imegoma, jamani. Wiki tatu tangu tumzike Ta Deo kwao Muleba, nimetupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe, na leo asubuhi nimejikuta namwandikia: "Uko tayari? Wanaingia uwanjani." Nimekumbuka nikiwa nimebakiza kubonyeza tu.

Kwa mnaonifuata hapa kwa ajili ya vichekesho: Deo alikuwa mwenzangu maabara, miaka tisa. Tunapima sampuli za mawe ya migodini hapa Mwanza. Mimi Msukuma, yeye Mhaya (hiyo "Ta" ni heshima ya kwao), kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa mawe na nusu nyingine ilikuwa kutaniana.

Bosi wetu wa zamani alitoka Australia. Alipoondoka alituachia jezi mbili zisizo na mikono na ugonjwa wa mpira wa kwao.

Siyo huu mpira mnaoujua. Ule una umbo la yai, unadakwa kwa mikono, unapigwa teke, na goli lina milingoti minne. Mpira ukipita katikati unapata alama sita. Ukikosa, ukapita pembeni, unapewa moja.

"Yaani mnapewa alama kwa kukosa?" dada wa mapokezi alimuuliza siku moja.

Deo akarekebisha miwani. "Ndiyo maana nakwambia, dada, huu ni mchezo wa watu waliosoma." Dah! Nshomile yule, msomi wa Kihaya, hata kwenye kipigo alikuwa na digrii.

Na vipigo tulivipata. Timu ya bosi ilimaliza mkiani msimu uliopita, na msimu huu ikaanzia palepale. Mechi nane, tumepigwa zote. Wazoefu magoti yamekwisha, vijana wanauogopa mpira. Kila wiki kocha anasema tunajenga timu, na Deo anaifokea simu tunayoangalizia mechi: "Jengeni basi tuhamie!"

Mechi zao za mchana kwetu huanza saa moja asubuhi. Jumamosi ambazo hatukuwa na shifti nilikuwa nakwenda kwake, hapahapa Mabatini, dakika sita kwa miguu. Mkewe, Mama Koku, anatuwekea chai na ndizi. Deo anagawa kahawa ya kutafuna, punje mbili kila kipindi, na vipindi viko vinne. Ukitoka pale husinzii mpaka Jumatatu.

Siku moja tuliongoza mpaka dakika ya mwisho, tukapitwa kwa alama moja. Ile ya kukosa! Deo alichukua kikombe changu, akanywa chai yangu yote.

"Samahani," akasema, "nilihitaji kumdhulumu mtu."

Tulikuwa na sheria moja. Aliyekosa mechi anaangalia marudio jioni, na aliyeiona hamwambii matokeo. Mdomo zipu. Sheria hiyo niliiweka mimi, kwa sababu Deo hakujua kutunza siri. "Haloo" yake ya kwanza tu ilitosha kukwambia kila kitu.

Jumamosi ile sikwenda. Nilimwambia nina nguo za kufua, nitaangalia marudio. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kupigwa. Mama Koku na mtoto walikuwa wamelala Usagara kwa dada yake, kwa hiyo Deo aliangalia peke yake. Nilijua hilo na bado sikwenda.

Saa mbili na nusu akapiga. Sikupokea. Akapiga tena. Nikacheka na povu langu mikononi: huyu ameshindwa kuvumilia hata mechi iishe, labda leo tunashinda.

Akapiga mara ya tatu. Kisha ukaja ujumbe, neno moja: "Pokea."

Nikamjibu: "Sipokei ng'o! Mdomo zipu mpaka jioni 😂😂"

Tiki zikageuka bluu. Aliusoma.

Kifua kilikuwa kinambana. Jirani alimkuta mlangoni karibu saa nne, akamkimbiza hospitali kwa bajaji. Hawakuwahi. Daktari alisema ni moyo. Hakusema kama angewahishwa ingekuwaje, na mimi, niliyeitwa baadaye, nilikuwa nimesimama palepale nikashindwa kuuliza.

Dakika sita, jamani. Ningeweza hata kumbeba.

Jumatatu kazini, kwenye handover ya kukabidhiana zamu, jina lake lilikuwa bado kwenye ratiba ya shifti. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta. Mechi ile sijaiangalia, na matokeo niliyotumiwa nimeyafuta bila kusoma.

Msibani Mama Koku aliniuliza, "Shemeji, jirani anasema alikuwa na simu mkononi. Alikupigia?" Nikamjibu simu yangu iliisha chaji. Akanipa pole. Mimi!

Jana nilikwenda kwake nikamwambia ukweli. Simu ilikuwa na chaji, ilikuwa mbele yangu, na nilikuwa namcheka mume wake. Nikamwonyesha ujumbe wenyewe. Aliusoma mara mbili, akanirudishia simu taratibu.

"Nenda nyumbani, shemeji," akasema. "Na wengine uwaambie mwenyewe, wasije kusikia kwa majirani."

Nikamuuliza kama naweza kurudi kuwaona, yeye na Koku. Akasema, "Nikiweza, nitakupigia."

Basi nimewaambia. Anayetaka kunitukana, anitukane, sitafuta maoni ya mtu.

Ta Deo, nisamehe. Ulinihitaji mara moja tu katika miaka tisa, nami nikakuletea utani. Usingizi mwema, ndugu yangu.

Siku hizi napokea kila simu, hata za matapeli. Nasubiri ya Mama Koku.