Gunia Kwenye Kiti cha Madame

Hitilafu ya umeme iliyotulia ni rahisi. Taa haiwaki, unafuata waya mpaka pale moto unapokatikia, unafunga, unakwenda kula. Iliyonitesa mimi ni ile inayokuja na kuondoka.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa fundi umeme katika gereji ya Mbelgiji mmoja hapa Kisangani, mji ambao kwenye karatasi za wazungu uliitwa Stanleyville. Baba yangu alitoka Maniema, mimi nilizaliwa hapa. Nilikuwa na mke, watoto wawili, na kiburi kingi juu ya mikono yangu.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la viti viwili, jeupe, lisilo na paa. Mwenyewe alikuwa mzungu mnunuzi wa kahawa. Mara ya kwanza lilimzimikia kwenye kona ya posta, mara ya pili akiteremka kivukoni, mara ya tatu kwenye njia ya kwenda kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, wageni wake wakimfuata kwa magari mengine. Injini, honi, taa, vyote vilikufa pamoja. Sisi tukifika na kamba ya kulivuta, anageuza ufunguo, linawaka.

Nilikaza vichwa vya betri, nikabadilisha swichi ya ufunguo, nikapima waya mmoja mmoja kwa taa ya kupimia. Chef, mzungu msimamizi wa gereji, akaliendesha peke yake mpaka uwanja wa ndege na kurudi, salama. Jumapili likazimika tena.

Jumatatu chef alisema mbele ya wote kwamba umeme si kazi ya mtu mweusi, mweusi abadilishe magurudumu. Nilimwendea mwenye gari, aliyekuwa amesimama mlangoni akivuta sigara.

"Bwana, siku motokari inakufa, iko nani ndani?"

"Mimi na madame."

"Na ukiwa peke yako?"

Alifikiri. "Peke yangu, hapana. Haiyakufa hata mara moja."

Hapo nilijua. Betri ilikuwa nyuma ya viti, na waya mnene uliopeleka moto kwenye ufunguo ulipita chini ya kiti cha madame. Niliinua zulia. Mpira wa waya ulikuwa mzima, bila hata mkwaruzo, lakini mpira huweza kuwa mzima na shaba ndani yake imekatika. Kiti kikilemewa waya unapinda, nyuzi zinaachana. Madame akishuka zinagusana tena. Nilimweleza chef. Akasema hatakata waya mzima wa gari la watu kwa ndoto zangu, nimwoneshe kwanza.

"Basi lazima mtu aikale pale na motokari itembee," nilisema.

Mimi ndiye niliyepaswa kukaa, na taa ya kupimia mkononi. Kila mmoja alilijua hilo. Chef alikitazama kiti, mwenye gari akakitazama kiti, kisha akatazama barabara, ambako wazungu wenzake walikuwa wakinywa kahawa barazani. Hakukasirika. Uso wake uliiva kama wa mtu aliyeombwa avue nguo. Kuna jambo ambalo lazima niliandike wazi: hakuna aliyenikatalia. Labda wangenikatalia, labda wasingenikatalia. Sikuwapa nafasi.

"Tunaweza kutia gunia ya muchele," nikasema. "Uzito iko sawasawa."

Nyuma yangu nyundo ilinyamaza. Alikuwa tonton, mjomba kama tulivyowaita wazee wa kazi, mnyoosha mabati, mtu wa Yanonge, aliyenifundisha kazi nilipoingia pale. Alinitazama kwa kitambo, kisha akaendelea kugonga.

Gunia lilitoka duka la ng'ambo ya barabara. Chef alitandika kitambaa safi ili ngozi ya kiti isichafuke. Taa ya kupimia tuliifunga mbele ya usukani, mwenye gari aiangalie mwenyewe. Wakaondoka, yeye na gunia, mimi nyuma kwa baiskeli ya gereji. Pale pale kwenye kona ya posta lilizimika. Nilifika jasho likinitiririka. Nikaliinua gunia kidogo, taa ikawaka. Nikaliachia, ikazimika. Wapita njia walisimama kutazama.

Gerejini niliupasua mpira kwa kisu. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, ncha zake nyeusi. Nikaweka waya mpya, nikaupitisha pembeni, mbali na kiti. Mwenye gari alimpa chef mkono. Mimi aliniambia, "Muzuri. Wewe uko na akili." Na mimi, Mungu anisamehe, maneno hayo yalinifurahisha mpaka jioni.

Nyumbani, katika cité, mtaa wetu sisi weusi, nilimkuta mke wangu akitwanga pondu, majani ya muhogo. Nilimsimulia nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliuacha mchi ndani ya kinu.

"Kwa nini haukuikala wewe?"

"Ile kiti ni ya madame."

"Na gunia ni madame? Nani alisema watie gunia?"

Ningeweza kusema. Alikuwa mke wangu, tulikuwa wawili tu pale uani.

"Muzungu," nikasema.

Aliushika mchi akatwanga kwa hasira, na hasira ile ilikuwa kwa ajili yangu. Kuanzia siku hiyo habari ya gunia ikawa yake. Aliwasimulia dada zake, majirani, baadaye watoto wetu, jinsi mzungu alivyoona gunia ni bora kuliko baba yao. Kila mara nilipata kitu cha kufanya nje.

Miaka michache baadaye, uhuru ukiwa umekaribia na kila nyumba ikizungumza siasa, tonton alikuja kula kwetu. Mke wangu alimpakulia samaki, akaanza kusimulia habari ya gunia. "Wewe tonton ulikuwa pale," alisema. "Uliona ule muzungu?"

Tonton aliinua macho akanitazama. Nilisubiri. Nadhani nilitaka aseme.

"Niliona," alijibu, akanawa mikono, akaanza kula.

Mke wangu amekufa akiamini kwamba ni mzungu aliyetaka gunia. Watoto wanaamini hivyo mpaka leo, na huwasimulia watoto wao.