Nusu Mbili za Binti wa Rubona

Kompyuta ya kwanza ililetwa shuleni kwetu Gisenyi mwishoni mwa miaka ya tisini, na tangu siku hiyo neno la mwalimu likawa halina uzito. Nasema kwa uchungu, na uchungu wenyewe haujaisha.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nikafundisha hesabu. Nilikuta shule ina desturi yake: alama ya kila mtihani mkubwa inagawanywa kwa mbili kwanza, kisha mwisho wa mwaka nusu hizo zinajumlishwa. Kwa kalamu haikuwa na shida. Arobaini na tisa tuliiandika 24,5 na ile tano baada ya mkato ikakaa mahali pake.

Kijana aliyetutengenezea programu aliifuata desturi hiyo kama ilivyo, ila akaiagiza mashine ishike namba nzima tu. Basi kila ilipogawanya alama ya witiri, isiyogawika sawa kwa mbili, nusu iliyobaki ilitupwa kabla ya kufika kwenye kujumlisha. Angejumlisha kwanza ndipo agawanye, binti ninayemsimulia asingeguswa. Hakujisumbua hata kujaribu.

Binti huyo alitoka Rubona, na mama yake aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Mtihani wa kwanza alipata arobaini na tisa, wa pili hamsini na moja. Jumla mia, nusu yake hamsini, amepita. Mashine ikachukua ishirini na nne, ikachukua ishirini na tano, ikasema arobaini na tisa, amefeli. Na mama alikwisha kuapa kwamba akifeli harudi darasani, atajitwika beseni la samaki wavuke mpaka pamoja kwenda kuuza Goma.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wa shule nikichemka. Nikamwandikia hesabu zote mbili, nikamwonyesha mabano yalipopaswa kuwekwa. Karatasi hakuitazama.

"Mwalimu," akasema, "machine haina ndugu hapa Gisenyi. Itaonea mutoto wa watu juu ya nini?"

Nikarudi kesho yake, nikarudi tena, mpaka akachoka kuniona mlangoni.

"Bon, tutamupatia ile moja. Ni huruma tu."

Huruma! Nilimwambia si huruma, ni mali yake mtoto. Nikamuuliza, na wengine wote waliopata witiri mara mbili? Akajibu kwamba hao hawajalalamika. Programu ikaachwa vilevile.

Wiki ile mama akaja na sambaza wabichi, wamefunikwa jani la mgomba. Nilikuwepo ofisini, nikaona yote.

"Aksanti, Directeur. Ulihurumia mutoto yangu."

Mkurugenzi akapokea kwa mikono miwili, bila haya hata kidogo. Kisha akamgeukia binti, akamwonya ajikaze mwaka ujao, maana siku nyingine hatabebwa. Nami nikasubiri aseme kweli, au walau anyamaze. Binti akainamisha kichwa, akamwomba msamaha.