Kaseti ya Matope ya Verna

Mpwa wangu Verna Thibault anaendesha basi la shule huku kwetu Vermont, Marekani, na piano nilimfundisha mimi. Sawa, nilimfundisha wimbo mmoja. Mengine alijifundisha, lakini mwanzo ndio mzito.

Mwaka themanini na sita alirekodi albamu nzima isiyo na neno hata moja. Piano tupu, tena ndani ya banda tunamochemshia utomvu wa miti kuwa sharubati. Mvuke ulilegeza nyuzi tatu za piano, na nyuma unasikia utomvu ukidondoka ndooni: to, to, to. Akaiita Matope. Sisi, kati ya theluji na majani mabichi, tuna majira ya tano, barabara zinapogeuka uji wa matope. Hakuna aliyewahi kuyatungia hata mluzi.

Kampuni moja ya California, ya muziki wa kutuliza roho, ikaipenda. Ikamtuma Bwana Kessler na mkataba. Alikuja saa sita mchana! Mtu wa huku hupita alfajiri, barabara ikiwa bado imeganda. Gari lilizama hadi milangoni. Nililivuta kwa trekta, nikamwingiza bandani ana kiatu kimoja.

"Dada Verna, hii ni dhahabu," akasema. "Tutabadili vitu vidogo tu. Iitwe Maua ya Aprili. Piano turekodi upya studio. Na hayo matone tuyatoe, tuweke ndege."

"Ndege gani?" Verna akauliza.

"Wowote, mradi wanaimba."

"Aprili hapa hakuna ua hata moja, bwana. Kiatu chako kiko wapi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Watu wanataka kupumzika," Kessler akasema. "Nani atanunua matope?"

"Anayeishi humo."

"Basi utazeekea kwenye usukani."

Nakiri, hapo nilimkanyaga Verna mguu ili asaini. Miaka kumi na tisa ya kelele za watoto basini si mchezo.

"Mjomba, toa buti lako," akasema kwa sauti. Nikalitoa.

Akamrudishia Kessler mkataba bila wino. Akampa andazi la kuchovya kwenye sharubati na tango la siki la kukata utamu, maana mgeni wa bandani hanyimwi, kisha akampigia piano upande wa kwanza wote wa albamu, nyuzi zikilalamika.

Kaseti mia mbili alizitoa mwenyewe, zinauzwa kwenye duka la chakula cha ng'ombe. Mwaka uliofuata kampuni iliandika tena: jina wamelikubali, matone bado hawayataki. Verna akaandika "Hapana" mgongoni mwa barua yao hiyohiyo, akairudisha kwa posta.