Pumzi ya Alinanuswe

Tupokigwe alikuwa mchumaji chai wa Lupepo, mwanamke mrefu mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika mbali. Alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Alipojifungua binti, mumewe Nelson alimwita Alinanuswe, Mungu yuko nasi, na mama mkwe wake, bibi Esnath, akahamia kwao kusaidia kulea.

Mtoto alizaliwa mzima. Baada ya wiki chache likatokea baka jekundu kidevuni, kisha pumzi yake ikaanza kupiga mlio. Kila akivuta hewa ilisikika sauti kavu ya kukwaruza, na kishimo cha chini ya koo kilibonyea ndani. Zahanati walisema nimonia, wakampa dawa. Mlio ukabaki palepale. Wakampa nyingine.

"Huyu ana kimeo," bibi Esnath akasema. "Apelekwe kwa yule mzee wa Nkunga akikate."

"Hapana, mama. Siwezi kumpeleka mtoto mdogo hivi akakatwe," Tupokigwe akajibu.

"Basi tukae tumwangalie anakufa?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa analia.

Jumapili moja, wenzao wakiwa kanisani, Alinanuswe aliacha ziwa ghafla. Midomo ikawa ya bluu, mbavu zikaingia ndani, macho yakamtoka. Nelson aliwapakia kwenye pikipiki ya jirani mpaka Tukuyu, mtoto akawekewa oksijeni, na gari la wagonjwa likawapeleka Mbeya. Njia nzima Tupokigwe aliona kila pumzi kuwa ndiyo ya mwisho.

Huko, daktari wa koo aitwaye Hasheem alimpitishia mtoto kamera nyembamba mdomoni, kisha akawaita.

"Kuna uvimbe wa vijishipa vya damu ndani ya koo, chini kidogo ya sehemu inayotoa sauti. Ni wa aina moja na hili baka la kidevuni. Umekua, umebana njia ya hewa."

"Mtamkata?" Tupokigwe aliuliza.

"Hapana. Tutampa propranolol."

Bibi Esnath, aliyewafuata kwa basi, alishtuka. "Baba, si ndiyo dawa yangu ya presha hiyo?"

"Ndiyo hiyohiyo, bibi, ila kwa kipimo cha mtoto. Husinyaza uvimbe huu."

Na kweli ulisinyaa. Siku hadi siku mlio ulififia, mtoto akanyonya mpaka akashiba, akalala kimya hivi kwamba mama yake alimwekea kiganja puani kuhakikisha bado yupo.

Wakati wa kuruhusiwa, muuguzi alimwelekeza Tupokigwe vizuri. "Mpe akishanyonya tu. Akikataa kunyonya, au akitapika, au akiharisha, usimpe. Mlete haraka. Dawa hii inaweza kumshusha sukari." Daktari naye akaongeza kwamba isikatishwe kiholela, maana uvimbe unaweza kurudi. Tupokigwe alisikia yote mawili. Lakini aliloliona kwa macho yake ni lile moja: mtoto aliyekosa hewa.

Mvua za masika zilikuwa hazijakatika Alinanuswe alipoanza kuharisha. Alitapika, akageuza uso kila alipopewa ziwa. Tupokigwe alisaga kidonge, akakichanganya na maji kama alivyofundishwa, akachukua kijiko.

"Mwanangu," bibi Esnath akasema, "si walisema asiponyonya asipewe?"

"Walisema pia isikatishwe. Mama, umesahau midomo yake ilivyokuwa?"

Tupokigwe akampa mtoto dawa. Wakati wa dozi nyingine ulipofika mtoto alikuwa bado hajanyonya. Akampa tena.

Asubuhi walimkuta wa baridi, amelowa jasho, kisha degedege likamshika. Lilikaa muda mrefu. Njia ilikuwa tope tupu na pikipiki ilikwama mara kwa mara. Nelson akamaliza kilima kwa miguu, mtoto kifuani. Hospitali walipima sukari, wakaikuta imeshuka mno, wakamwekea dripu mbio. Alinanuswe hakufa.

Ila ubongo wake ulikuwa umeumia, hakurudi yule waliyemjua. Macho yake hayakumfuata mtu tena. Shingo ililegea. Watoto wa rika lake walianza kukaa, wakasimama, wakaanza kuvunja vikombe vya mama zao, na yeye alikuwa bado analishwa uji huku kichwa kimeshikiliwa. Tupokigwe aliacha kwenda kwaya. Nelson hakumlaumu hata siku moja, na hilo lilimwumiza kuliko matusi, kwa sababu alijibu mwenyewe kila alichodhani mumewe anakiwaza.

Dawa waliendelea nayo kwa uangalizi mpaka muda wake ulipotimia. Mara ya mwisho walipokwenda Mbeya, Hasheem alipitisha tena kamera yake.

"Koo ni safi," alisema. "Uvimbe hauonekani kabisa. Dawa tumeshamaliza."

Tupokigwe aliendelea kumfuta mtoto mate.

"Daktari, ningemnyima zile dozi, angekuwa anatembea?"

Hasheem alivua glavu zake taratibu. "Sijui, mama. Pengine."

Tupokigwe alimshukuru. Akamfunga Alinanuswe mgongoni, akakaza kanga mara mbili kwa sababu shingo haikujizuia, akatoka. Bibi Esnath alikuwa kwenye benchi la nje, akainuka kwa shida.

"Wamesemaje?"

"Wamesema amepona," Tupokigwe akajibu, akatangulia kuelekea getini.