Arobaini ya Goti la Bi Mwajabu

Mama mkwe wangu, Bi Mwajabu, ndiye anayetunza wazazi hapa mtaani kwetu Chang'ombe. Ukijifungua anakukanda kwa maji ya moto, anakunywesha uji wa pilipili manga, na mlangoni hutoki mpaka arobaini itimie. Mimi siku ya thelathini na tisa niliomba nichungulie nje, dakika moja tu. Akanijibu, "Tabu, thelathini na tisa si arobaini," akafunga mlango.

Kwa hiyo alipoteleza uani akavunjika goti, akapasuliwa na kuwekewa vyuma, mtaa mzima ulijua la kufanya. Daktari alisema mguu usikanyage chini mpaka wiki sita, na hata hapo picha ionekane kwanza. Wanawake wao wakasikia arobaini. Walimletea uji na supu, wakamkataza mlango kwa raha zao zote, maana kila mmoja alikuwa na kisasi chake. Kumkanda tu ndiko nilikokataa, kwa kuwa daktari alikataza, na nikanuniwa siku mbili.

Siku ya arobaini walikuja na sare za kanga na sufuria la pilau, kumtoa nje. Mwenyewe kajipaka wanja, kakaa ukingoni mwa kitanda. Nikahesabu: wiki sita ni siku arobaini na mbili. Nikamwambia. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Mguu ulishaanza kushuka. Niliogopa kweli. Vyuma vikilegea si anarudi kupasuliwa?

"Mama," nikasema, "arobaini si arobaini na mbili."

Akanitazama kwa lile jicho ninalolijua, kisha akaurudisha mguu kitandani, akacheka mpaka wanja ukamchirizika. Pilau ikaliwa chumbani humo humo.

Siku mbili baadaye, hospitalini, picha ikaonyesha mfupa unaunga vizuri. Daktari akamruhusu akanyage kwa mguu huo kidogo kidogo, kwa magongo. Alipiga hatua tatu koridoni, na sisi wanawake wanane tukapiga vigelegele mpaka nesi akatoka kutunyamazisha. Nililia, sioni haya kusema. Akauliza magongo atayaacha lini. Daktari akasema mfupa ukiendelea hivi, labda wiki sita nyingine.

Bi Mwajabu akatugeukia. "Kumbe mapacha," akasema. "Haya, nirudisheni ndani, na uji uendelee."