Namba Kumi Aliyebaki Masukulu

Mwaka huu nilipanda tena Tukuyu, na safari hii sikwenda kusalimia. Nilikwenda kumchukua baba. Alikuwa ameteleza nyuma ya nyumba, kwenye zile ngazi za udongo ambazo sote tuliwahi kuteleza, ila sisi tuliinuka tukacheka na yeye akalazwa hospitali kule Makandana mpaka uvimbe wa goti ulipopungua. Mama alishatangulia mbele za haki. Nyumba imeingia unyevu hadi kwenye mashuka, na mtoto mwingine wa kumtazama hana. Nikamwambia, baba, twende Dodoma ukakae na wajukuu. Akaitazama mvua kitambo, kisha akasema haya, twende, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana.

Tulipokuwa tunatoka Masukulu aliomba gari lisimame kwenye baraza ya bucha, aage. Pale zamani walikuwa wanakaa wanaume hata nafasi ya kuweka mguu huipati. Sasa walikuwa wazee wawili: mwenye bucha, ambaye siku hizi nyama anakata mwanawe, na fundi cherehani, ambaye cherehani alishaiuza. Kabla hata sijawafikia nikamsikia fundi anasema, "Songea ndiye wa kwanza. Hapo hakuna mjadala." Nami, mtu mzima, mama wa watoto, nikasikia hasira ile ile ya utotoni inanipanda kifuani.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana bila kueleza utaniona nina kichaa.

Nilipokuwa mdogo, chuo cha ualimu kilichokuwa kilimani upande wetu kilikuwa na timu ya mpira, na timu ile ilikuwa yetu sote. Jumamosi ya mechi watu waliacha majembe, akina mama wakabeba watoto mgongoni na mwavuli mkononi, tukapanda kilima kwa miguu kwenda kusimama kwenye tope. Uwanja ulikuwa umeinama upande mmoja, ukungu ukishuka golikipa haonekani, na mpira ukilowa unakuwa mzito kama gimbi. Katika uwanja wa namna ile, mtu aliyeweza kutuliza mpira, akainua kichwa, akatoa pasi ikamfikia mwenzake, alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Mtu huyo ndiye namba kumi. Beki alipigiwa makofi na mfungaji alibebwa juu juu, lakini namba kumi ndiye aliyezungumzwa mpaka Jumamosi nyingine.

Shida yetu ilikuwa moja. Wanachuo walikaa miaka miwili tu. Mnampata namba kumi, mnamzoea, mnajua hata anavyovuta soksi kabla ya kupiga kona, halafu anapewa cheti, anapangiwa shule ya mbali, basi, hamumwoni tena. Majina ya wengi wao hatukuyashika. Walikuwa wanatoka kila pembe ya nchi, kwa hiyo waliitwa kwa walikotoka: Songea, Kigoma, Mtwara, Singida.

Singida ni baba yangu.

Katika wote hao, yeye peke yake ndiye aliyebaki. Alimpenda binti wa Masukulu, akaomba apangiwe shule ya jirani, akapewa. Mama alikuwa akisimulia kwamba mwaka wao wa kwanza baba alitoka nje kila asubuhi kuangalia kama mvua imeacha, kisha anarudi ndani amenuna. Mtu wa nchi kavu. Lakini alizoea. Alijifunza kula ndizi asubuhi, mchana na jioni, akajifunza kusema ndaga kwa kila anayempa kitu, akafundisha watoto wa watu mpaka akafundisha na watoto wa wale watoto.

Ubishi wenyewe niliusikia nikiwa na bibi, mama yake mama. Alikuwa na shamba dogo la chai, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumsaidia kuchuma. Mpaka leo vidole vyangu vinakumbuka: majani mawili na chipukizi lake, usivute, vunja. Vidole vilibaki vyeusi hata uvisugue kwa majivu. Tunavaa nailoni kiunoni tusilowe, na bado tunalowa. Kikapu kikijaa tunakwenda bandani kungoja lori la kiwanda. Lori halikuwa na saa. Likikwama kwenye utelezi huko lilikotoka, mnakaa mpaka baridi iwaingie kwenye mifupa, na bibi anatoa kwenye kitenge chake magimbi aliyoyachemsha asubuhi, tunakula na chumvi.

Banda hilo lilikuwa ubavuni mwa bucha. Barazani pa bucha fundi ameweka cherehani yake, mwenye bucha amesimama na kisu chake, na wanaume wenye vikapu wamejibanza hapo kukimbia mvua. Na kazi yao ni moja: nani namba kumi bora kuliko wote waliopita chuoni.

Mwenye bucha ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kwa sababu ya kisu nadhani. Yeye ni katika Waislamu wachache wa kwetu, mtu wa maneno mengi na kiapo mdomoni. "Wallahi, Songea alimpiga yule beki wa Njombe kanzu, mpira ukapita juu ya kichwa, mpaka leo beki anautafuta!" Fundi anadakia bila kuinua kichwa kwenye kitambaa, kwa Kiswahili chake cha kwetu: "Songea mguu wa kushoto fijo, sana sana. Ule mguu ulikuwa na macho." Wa pili wakamweka Kigoma. Halafu mtu anasema, na Singida je? Hapo nilikuwa naacha kutafuna.

"Singida mzuli," fundi anasema. "Mzuli, lakini..."

Hiyo lakini, rafiki yangu, nilikua nayo. Kila siku ilikuja na kitu kipya. Singida mzuri lakini jana nimemwona anadandia baiskeli ikamshinda. Singida mzuri lakini ana tumbo siku hizi. Singida mzuri lakini mke wake ndiye anayemtuma chumvi. Songea hakuwahi kutumwa chumvi na mtu yeyote, maana aliondoka akiwa kijana na jezi yake mwilini, na pale barazani alibaki hivyo hivyo. Sikuwa nalijua hilo wakati ule. Nilijua tu kwamba wanamdharau baba yangu nami nimebeba kikapu siwezi kuwarushia kitu.

Bibi hakuingia kwenye maneno hayo. Singida alikuwa mkwe wake, na kwa heshima za kwao hakumtaja ovyo wala kukaa naye karibu. Aliwageuzia mgongo tu akasema, "Hawa wangechuma chai kwa midomo, loli lingejaa." Lakini siku moja niliona kwamba wakifika kwa Singida naye anaacha kutafuna.

Ikaja mechi ya walimu wa shule za tarafa na wanachuo, mvua za mwaka huo zikiwa zimechachamaa. Baba akaombwa acheze namba kumi. Mvi zilikuwa zimeshamwanza. Mama alimfulia bukta, akaikausha juu ya moto, ikanuka moshi. Mimi sikulala vizuri kwa furaha. Nilijua leo wataona wenyewe kwa macho, na baraza itanyamaza.

Kipindi cha kwanza hakugusa mpira ila mara chache. Vijana walikuwa wanampita tu. Nilimwona ameshika kiuno, anapumua kwa mdomo, na watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Kisha kipindi cha pili mpira ukamjia katikati. Akautuliza kwa kifua, ukafa mguuni pake kwenye lile tope kama umewekwa. Akainua kichwa. Kijana mmoja akamkimbilia, baba akampiga tobo katikati ya miguu, na kabla wa pili hajafika akaitoa pasi ndefu ya kuwapita mabeki wote, ikaenda ikatua mbele ya mwalimu wa hesabu aliyekuwa peke yake na golikipa. Uwanja mzima ulisimama. Mwalimu wa hesabu akanyoosha mguu, akateleza, akakaa chini, na mpira ukampita polepole ukatoka nje.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika miti. Wiki ile barazani walimshusha baba akawa wa nne, chini ya Mtwara. "Pasi ya Songea," alisema mwenye bucha, "hata mlevi angefunga."

Nililia njia nzima. Baba alikuwa anachechemea mbele yangu, goti limeshaanza kumsumbua, viatu ameshika mkononi. Akanisubiri nimfikie. Akaniuliza nalia nini, nikamwambia wamekushusha. Akacheka kwa uchovu. "Mwanangu, Songea naye sasa hivi ana kitambi huko aliko. Ila hao hawajakiona. Mimi wananiona kila siku nikinunua mafuta ya taa." Kisha akanishika mkono, tukaenda nyumbani kula.

Baadaye walimrudisha wa tatu, wala sijui kwa kosa gani la Mtwara. Na hapo alikaa miaka yote. Niliondoka nikaenda kusoma, nikaolewa, na kila likizo nikirudi nilimkuta baba wa tatu. Alipostaafu akaanza yeye mwenyewe kwenda kukaa pale barazani. Wanamwona anakuja wanaita, "Wa tatu huyo!", naye anaitikia. Cha ajabu zaidi, alikuwa anamtetea Songea. Alisema yeye alipoingia chuo mwaka wa kwanza Songea alikuwa mwaka wa pili, na aliwahi kumbebea viatu, kwa hiyo wasimwambie kitu. Nilimuuliza kama haoni uchungu. Akasema, uchungu wa nini, nakwenda pale nanyweshwa chai.

Sasa unaelewa kwa nini nilisimama pale siku ya kuaga nikiwa nimekasirika. Baba aliwapa mikono, mwenye bucha akamwambia, "Mwalimu, goti likipona urudi, inshallah," na fundi akamwambia kitu kwa Kinyakyusa ambacho baba hakunitafsiria. Gari likaondoka. Njiani nikawa natazama nje. Banda la chai limebaki nguzo. Kwenye shamba la bibi, kama kwa wengi, chai iling'olewa ikapandwa miparachichi. Vijana wanaangalia mpira wa Ulaya kwenye vibanda umiza, wanabeti mikeka yao kwenye simu, wanajua namba kumi wa miji ambayo hawataifikia. Siwalaumu. Mimi mwenyewe sikumbuki mara ya mwisho nimesimama kwenye mvua kwa ajili ya mchezo. Lakini nilichoka ghafla, uchovu wa mtu aliyefika nyumbani akakuta kila kitu kimehamishwa.

Dodoma baba anakaa kwenye kiti mlangoni, asubuhi upande huu, jioni upande ule, anafuata kivuli. Jua alilokulia utoto wake wote sasa linamuumiza macho. Nikimnunulia ndizi sokoni anakula kidogo, anashukuru, anaacha. Kwa majirani ni babu wa wale watoto. Hakuna anayemwita Singida, na hapa Singida si mbali.

Juzi mwenye bucha alinipigia simu. Tulisalimiana, nikamwamkia, akaitikia, akauliza goti. Kisha akakohoa. "Binti yangu, mwambie mwalimu, sisi tumekaa, tumezungumza. Ile pasi ya siku ile, mwalimu wa hesabu ndiye aliyetuangusha. Pasi ile Songea asingeiweza. Tumemweka baba yako wa kwanza. Na fundi amekubali."

Sentensi hiyo niliingoja tangu nina kikapu kichwani. Nilikwenda mlangoni karibu nikimbie, nikamwambia baba: wamekuweka wa kwanza.

Alisogeza kiti kidogo, kivuli kilikuwa kinamwacha.

"Basi," akasema, "wameshanihesabu na walioondoka."

Nikamwambia, lakini baba, si ni heshima? Akasema ndiyo, ni heshima, mwambie ndaga. Akaniomba maji ya kunywa. Nilipomletea alikuwa amefumba macho, na sikujua kama amelala.

Jioni nilimpigia tena mwenye bucha. Nilijiona mjinga, lakini nilisema hivyo hivyo. Nikamwomba, mzee wangu, tafadhali, mrudisheni wa tatu.

Alicheka, akadhani namtania. Kisha nikasikia mvua ya kwetu kwenye bati lake.

"Aje mwenyewe, binti yangu," akasema. "Akifika tu hapa, wallahi tunamshusha siku hiyo hiyo."

Nikamwambia asante. Sikumwambia kwamba daktari amekataza safari ndefu.